Sauti ya Mtu ni Amana: Barua ya Wazi kwa Vijana Wenye Studio za Vyumbani

Kwa vijana wote wanaorekodi muziki kwa kompyuta, wa Ng'ambo na wa Mji Mkongwe, wa Tandale na wa Temeke, wa Kisauni na wa Majengo, na popote pengine ambapo chumba cha kulala kimegeuzwa studio.

Nakuandikieni barua hii hadharani kwa sababu jambo nilitakalo kulisema nimekwisha kulisema faraghani kwa mmoja mmoja wenu mara nyingi, na kila nikimwambia mmoja namkuta wa pili amekwisha kutumbukia katika shimo lile lile. Mimi ni mtu wa zamani; niliianza kazi hii wakati sauti ikinaswa katika utepe wa sumaku, na mtu akitaka kuondoa kosa huukata utepe kwa wembe akauunga kwa gundi, na leo, macho yakiwa yamepungua lakini masikio yangalipo, nakaa pamoja nanyi mbele ya kioo cha kompyuta na kuyaona maajabu ambayo ujana wangu haukuyaota. Sikuja kuulaumu wakati wenu, wala sikuja kuusifu wangu. Nimekuja na kisa kimoja, na nasaha chache zilizozaliwa na kisa hicho.

Miaka michache iliyopita tulimwalika bi mkubwa mmoja wa taarabu, ambaye jina lake nalihifadhi, aje katika studio ya kijana mmoja atuimbie wimbo ambao hakuna aliyewahi kuurekodi. Aliimba beti tisa bila ya kusita, kwa pumzi ya mtu aliye nusu ya umri wake, nasi tuliokuwamo chumbani tukatazamana tusiseme neno. Kijana akalinakili faili la mradi katika flashi, akaitia mfukoni, na wiki ya pili kompyuta yake iliposhikwa na virusi akaifuta yote na kuiwekea Windows mpya, moyo wake ukiwa mtulivu kwa kuamini kwamba kazi imo katika flashi. Tulipoifungua kwa kompyuta nyingine tuliiona mistari ya traki imepangwa vizuri, majina yake yote yapo, rangi zake zote zipo, na ndani yake mmekauka kimya, kwa kuwa faili la mradi ni daftari la maagizo tu, na sauti zenyewe zilikuwa katika folda nyingine ambayo ilikwisha kufutika. Tukaenda kwa bibi kumwomba radhi na kumwomba arudie. Alituandalia kahawa, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wanangu, ile ilikuwa ya siku ile." Hakuimba tena.

Simlaumu kijana peke yake, maana mimi nilikuwa nimeketi ubavuni mwake kama msimamizi, na sikumuuliza swali hata moja. Lakini tangu siku ile nimekata shauri ya kwamba sauti ya mtu iliyonaswa ni amana mikononi mwa aliyeinasa, sawasawa na dhahabu iliyowekwa kwa mtu aendaye safari, na kwamba sehemu kubwa ya mikasa tunayoisingizia kompyuta ni upungufu wetu sisi katika kuitunza amana hiyo. Haya yote nitakayoyaeleza hapa chini, ya umeme na ya hesabu na ya mafaili, nawaombeni myasome kwa nia hiyo.

Nyote mnalijua jina la Siti binti Saad. Mwaka 1928 yeye na wenziwe walisafiri mpaka Bombay kwenda kunaswa sauti zao kwa santuri za His Master's Voice, na huko mwimbaji alisimama mbele ya maikrofoni akijua kwamba upande mmoja wa santuri hauchukui zaidi ya dakika tatu hivi, na kwamba sindano ikishaanza kuchimba nta hapana wa kuirudisha nyuma. Akikosea, nta ile imeharibika na wimbo huanzwa tangu mwanzo. Katika mwaka ule ule, huko Marekani, mhandisi Harry Nyquist alichapisha makala juu ya upelekaji wa habari kwa simu ya waya, na ndani yake mlikuwamo mbegu ya kanuni ambayo Claude Shannon alikuja kuibainisha wazi mwaka 1949, nayo ni kwamba wimbi la sauti laweza kuhifadhiwa kwa tarakimu tupu, maadamu unalipima kwa sekunde zaidi ya mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa. Sikio la mwanadamu hufikia takriban mitetemo 20,000 kwa sekunde. Ndiyo sababu diski za CD ziliwekewa vipimo 44,100 kwa kila sekunde, na sauti ya video ikazoea vipimo 48,000.

Nayaeleza haya kwa kuwa hapo ndipo unapotoka mushkili wa kwanza mnaoniletea kila mwezi. Mtu amerekodi fidla kwa simu yake, ambayo aghalabu hunasa kwa vipimo 48,000, kisha sauti ile imeingizwa katika mradi wa 44,100, na programu au kadi ya sauti, badala ya kuigeuza, imeisoma kama ilivyo. Matokeo yake fidla imeshuka, imekuwa nzito, na haitaki kwenda pamoja na kinanda. Kinyume chake, sauti ya 44,100 ikisomwa kama ya 48,000 hupanda kwa karibu nusu-tuni moja na nusu, na wimbo wa dakika 3 huishia kwenye dakika 2 na sekunde 45. Kijana asiyejua chanzo huanza kumlaumu mpiga fidla, au hujitwisha kazi ya kuivuta sauti kwa mkono mpaka alfajiri. Dawa yake ni ndogo mno: kabla ya kurekodi, tazameni namba hiyo mahali patatu, katika mradi, katika kadi ya sauti, na katika mipangilio ya kompyuta yenyewe, mhakikishe kwamba zote tatu ni sawa; na faili la mgeni likija, ligeuzeni kwanza kabla ya kulikaribisha ndani.

Ama kanuni iliyo mama wa kanuni zote katika kutafuta kosa, ni hii ambayo mafundi wa saa na mafundi wa injini za majahazi waliijua kabla yetu, kwamba mtu hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha akasikiliza. Nimewaona wenzenu, sauti ikikatika, wakibadilisha waya, wakaanzisha kompyuta upya, wakafuta programu, wakashusha draiva mpya, yote katika nusu saa moja, na ikitokea sauti ikarudi hawajui ni lipi lililoirudisha, na ikipotea kesho wanaanza upya kama watu waliopoteza njia usiku. Ifuateni sauti kwa safari yake: inatoka kinywani, inaingia katika maikrofoni, inapita katika waya, inafika katika kadi, inapokelewa na draiva, inaingia katika traki, inapita katika plagini moja baada ya nyingine, inafika katika traki kuu, na inatoka katika hedifoni. Simameni katika kila kituo mkaulize, "Hapa imefika?" Ikiwa taa ya kadi inawaka mtu akiimba, basi maikrofoni na waya havina taksiri, ikiwa mshale wa traki unacheza lakini hamsikii kitu, basi kosa lipo mbele ya hapo, pengine katika njia ya kutokea. Na maikrofoni ya kondensa ikiwa bubu kabisa, tazameni kwanza kama mmeibonyeza swichi ya volti 48, kwa maana nimewahi kuitwa kutoka mtaa wa mbali, nikapanda daladala mbili, kuja kubonyeza swichi hiyo.

Mushkili wa pili, ambao umewafanya wengi wenu kuzichukia kompyuta zao, ni ule wa sauti kupasuka vipande vipande, mfano wa mchele unaorukaruka katika kikaango, au wa mwimbaji kujisikia katika hedifoni akiwa amechelewa nyuma ya kinywa chake mwenyewe. Mambo haya mawili ni mapacha, na baba yao ni mmoja, naye ni bafa. Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone. Huipokea kwa ndoo, na bafa ndiyo ukubwa wa ndoo hiyo. Ndoo ndogo hujaa upesi na kumwagwa upesi, hivyo sauti haichelewi, lakini mchotaji hana nafasi ya kupumua, na akichoka maji humwagika njiani, na huo ndio mpasuko mnaousikia. Ndoo kubwa humpa mchotaji raha, lakini maji huchelewa kufika. Hesabu yake ni hii: bafa ya sampuli 128 kwa vipimo 44,100 huchelewesha sauti kwa karibu sehemu tatu za elfu ya sekunde, ambao ni muda ule ule inaouchukua sauti kusafiri mita moja hewani, bafa ya sampuli 1,024 huichelewesha kwa sehemu ishirini na tatu za elfu ya sekunde, na hapo ni kama kwamba mwimbaji anajisikiliza akiwa amesimama mita nane kutoka kinywani pake. Na kwa kuwa sauti huingia na tena hutoka, uchelewaji wenyewe huzidi maradufu. Nani awezaye kuimba sawasawa namna hiyo?

Kwa hiyo shikeni kaida hii: wakati wa kurekodi, punguzeni bafa mpaka 128 au 256, na ondoeni plagini nzito zote, wakati wa kumiksi, ambapo hapana anayeimba, pandisheni mpaka 1,024 au zaidi, mkaweke plagini mzitakazo. Ikiwa kompyuta ni ya kawaida na traki zimekuwa nyingi, zile zilizokwisha kukamilika zigandisheni, yaani zigeuzeni kuwa sauti tupu pamoja na plagini zake, ili kompyuta isizikokotoe upya kila sekunde. Na kadi ya sauti ikiwa na kitufe cha kumsikilizisha mwimbaji moja kwa moja bila ya kupitia kompyuta, kitumieni, maana hapo uchelewaji hautakusumbueni hata kidogo. Watumiaji wa Windows wahakikishe wanatumia draiva ya ASIO iliyotoka kwa mtengenezaji wa kadi yao, wazime intaneti isiyo ya waya wakati wa kazi, na waiondoe kompyuta katika hali ya kubana umeme, kwa sababu kompyuta inayosinzia kila baada ya nukta haiwezi kuchota maji bila ya kuyamwaga.

Tatu ni habari ya kiwango cha sauti. Wengi wenu mmerithi kutoka zama zetu za utepe ile dhana ya kwamba sauti lazima irekodiwe kwa nguvu kadiri iwezekanavyo, ili izame ile kelele ya utepe unaopita. Dhana hiyo ilikuwa na haki yake zamani, kwani utepe ulikuwa na mvumo wake wenyewe, na tena ukizidiwa ulilainika kwa adabu. Tarakimu hazina adabu hiyo. Juu ya sifuri ya desibeli hapana kitu. Wimbi likifika hapo hukatwa kichwa, na kichwa kilichokatwa hakiungiki. Kwa upande wa pili, kila biti moja hutoa nafasi ya desibeli sita hivi, kwa hiyo kurekodi kwa biti 24 kunakupeni, kwa hesabu, desibeli 144 kati ya kimya na kilele, nafasi ambayo hakuna chumba chochote kitakachoweza kuimaliza. Basi acheni vilele vya mwimbaji vifike desibeli 12 chini ya sifuri, mkae na utulivu wenu, mkijua kwamba waimbaji wote wakifika penye uchungu wa ubeti wa mwisho huzidisha nguvu kuliko walivyojaribisha. Ngoma ikivuma sana hupasuka, walisema wazee, wala hawakuwa na kompyuta.

Nne ni umeme na hewa ya pwani yetu, mambo ambayo vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa huko Hamburg au Berlin havikuyatia maanani, maana waandishi wake hawakuwahi kuishi kando ya Bahari ya Hindi. Mvumo mzito usiokoma katika hedifoni, ulio chini kabisa mfano wa nyuki ndani ya mtungi, ndio umeme wa nyumba wenyewe, ambao kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mkiwa mnatumia kompyuta ya kupakata, ichomoeni chaja iende kwa betri; mvumo ukiondoka, mmekwisha kumjua mkosaji, nao ni vifaa viwili vilivyoungwa ardhini kwa njia mbili tafauti. Vichomekeni vyote katika soketi moja, na waya za maikrofoni zisilale ubavuni mwa waya za umeme. Lakini nakuonyeni kwa yamini: asitokee mtu akaukata waya wa ardhi ili kuuondoa mvumo, kwa maana waya huo umewekwa kuokoa roho, na mwimbaji anayeshika maikrofoni ya chuma kwa mikono yenye jasho ndiye wa kwanza kuilipa hesabu hiyo.

Kuhusu hewa, jueni kwamba maikrofoni ya kondensa ina utando mwembamba kabisa wenye chaji ya umeme, na unyevu wa masika ukitua juu yake huanza kutoa vimlio vidogo vya kutatarika ambavyo mtu huvidhania ni vya bafa. Msiiache ikining'inia usiku kucha karibu na dirisha. Irudisheni katika sanduku lake pamoja na vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja na viatu vipya, ambavyo wengi huvitupa. Kuhusu kuta, zile trei za mayai mlizozibandika kwa bidii kubwa ni nyepesi mno. Hupunguza kidogo sauti za juu tu, haziuzuii mwangwi wa sauti za chini, wala haziizuii bodaboda ya nje isiingie, na zaidi ya hayo hushika moto kwa haraka. Godoro kuukuu lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, pazia zito, na kabati lililojaa nguo lililoachwa wazi, vitakufaeni zaidi. Mwimbaji akae umbali wa shubiri moja kutoka katika maikrofoni, asiisogelee mpaka midomo ikaigusa, kwa kuwa ukaribu mno huivimbisha sauti ya chini. Na feni izimwe, hata kama joto ni kali, kwa muda wa kila ubeti. Ama adhana na jogoo, hivyo si makosa ya studio. Pangeni saa zenu.

La tano nalisema kwa uchungu, kwa sababu linahusu sanaa yenyewe kuliko mitambo. Programu zenu zote zimezaliwa zikiwa na mazoea yao: zikifunguliwa huanza aghalabu na mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, mapigo manne kwa kila kipimo, na ngazi ya tuni kumi na mbili zilizo sawa. Mazoea hayo si sheria. Mdundo wa chakacha unakwenda kwa sita, wala haukubali kukatwa vinne vinne, na mtu akiulazimisha ndani ya mistari ya kioo kisha akaubonyezea ile amri ya kunyoosha mapigo, hutoa kitu kilichonyooka mfano wa rula, kisichoweza kumwinua mtu katika kiti. Badilisheni kipimo cha wakati kabla ya kuanza, na mkitaka kunyoosha, nyoosheni kwa sehemu, nusu au chini ya nusu, mkimwachia mpiga dumbaki mwendo wake.

Kadhalika ile plagini ya kurekebisha sauti, ambayo Andy Hildebrand aliitoa mwaka 1997 kwa jina la Auto-Tune na ikafuatwa na nyingi za mfano wake, haina ujuzi wa kumbagua mwimbaji aliyekosea na mwimbaji aliyekusudia. Mtu aliyelelewa na udi na kanuni hupita kati ya noti mbili za kinanda kwa makusudi, akakaa hapo kidogo, na hapo ndipo msikilizaji anapotikisa kichwa. Plagini iliyowekwa kwa ngazi ya kinanda humvuta kwa nguvu mpaka noti ya jirani, ikamwacha mfano wa mtu aliyekatizwa maneno. Sikuambieni msiitumie, kwani bongo fleva imeigeuza kuwa pambo lake, na pambo si haramu. Nakuambieni ipunguzieni kasi, iwekeeni noti zile tu zilizomo katika wimbo, na penye mapito ya sauti izimeni kabisa. Mkimpa mwimbaji wa taarabu sauti isiyo yake, mmekwisha kuifanyia amana khiyana hata kabla faili halijapotea.

Sasa narejea kwenye mafaili, ambako ndiko ilikozama ile sauti ya bibi. Mradi unapoanzishwa, uwe na folda yake yenyewe tangu dakika ya kwanza, kabla hata maikrofoni haijawashwa, na sauti zote zirekodiwe ndani yake. Sauti na sampuli mlizozichukua mahali pengine ziingizwe humo kwa ile amri ya kukusanya, ambayo programu zote kubwa zinayo kwa jina hili au lile, iwe FL Studio, ambayo wengi wenu mngali mnaiita kwa jina lake la zamani la Fruity Loops, iwe Cubase, Ableton Live au Reaper. Majina ya mafaili yawe na tarehe na namba. Kwa maana nimeona folda yenye "mwisho", na "mwisho kabisa", na "mwisho wa kweli", na mwenyewe mwenye folda hajui ni mwisho upi ulio mwisho. Kila traki ipewe jina kabla ya kurekodiwa, kwani programu hulichukua jina hilo na kulipa faili, na siku mtakapoyatafuta mafaili yaliyopotea katika diski nzima, mtashukuru kuyakuta yameandikwa "sauti ya bibi" wala si "Audio 27".

Ama nakala, akiba haiozi. Mafundi wa dunia nzima wamekubaliana juu ya kaida ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila kazi, katika vyombo vya namna mbili, na moja kati yao iwe nje ya nyumba mnamorekodia. Msiniambie kwamba nafasi ni ghali kabla hatujapiga hesabu pamoja. Traki moja ya biti 24 na vipimo 48,000 hula megabaiti 8.64 kwa dakika. Wimbo wa taarabu wa dakika 10 wenye traki 16 utakula takriban gigabaiti 1.4. Katika diski moja ya nje ya gigabaiti 500 zitaingia nyimbo za namna hiyo zaidi ya 300, ambazo ni kazi ya miaka kwa kikundi chochote. Flashi si mahali pa kuhifadhia; flashi ni punda wa kubebea. Na MP3 si asili. Ni picha iliyopunguzwa, ambayo mnaweza kumpelekea mteja kwa simu, lakini anayebaki na MP3 peke yake akafuta WAV zake ni mfano wa mtu aliyeuza shamba akabaki na picha ya minazi.

Hapa pia ndipo pa kuitaja, kwa insafu, habari ya programu za wizi. Naujua ukata, na naijua bei ya leseni ikihesabiwa kwa shilingi. Walakini wengi wa wale virusi waliozifuta kazi zenu waliingia kwa mlango huo, wakiwa wamefichwa ndani ya kifunguo cha bure. Na plagini iliyovunjwa huweza kuuangusha mradi siku mteja ameketi nyuma yenu. Na njia zipo: Audacity ni ya bure kwa halali tangu ilipotolewa mwaka 2000, Reaper huruhusu majaribio ya siku 60, na leseni yake ya punguzo ni dola 60, na mwenye kuinunua FL Studio mara moja hupewa matoleo yanayofuata bila ya kulipa tena. Watu watatu wakichangiana mchezo wa kupeana, kila mmoja atakuwa na yake kabla mwaka haujakwisha.

Mwisho wa kazi ni kuitoa, na juu ya hilo nitasema machache. Kushindana kwa ukubwa wa sauti hakuna tija tena, kwa sababu Spotify hupima wastani wa ukubwa wa kila wimbo na kuurudisha mpaka kiasi cha 14 chini ya sifuri katika kipimo kiitwacho LUFS. Wimbo mlioubana mpaka 8 utashushwa kwa desibeli sita, ukibaki na majeraha ya kubanwa bila ya ile nguvu mliyoitafuta. Acheni desibeli moja ya nafasi juu ya vilele. Kisha sikilizeni kazi yenu kwa spika moja tu, stereo ikiwa imeunganishwa kuwa mono, kwani wasikilizaji wengi wataisikia kwa simu iliyowekwa mezani au katika spika moja ya daladala iliyosalimika. Na kinanda kikipotea humo, tafuteni maikrofoni mbili zinazopingana, ambazo moja inasukuma wimbi wakati nyingine inalivuta, mkaigeuze moja yao.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo. Hakuna hata moja kati yake linalohitaji fedha nyingi wala shahada. Yote yanahitaji daftari, subira, na ile khofu njema aliyonayo mtu anaposhika mali isiyo yake. Nawaombeni basi jambo moja tu, nalo mlifanye usiku wa leo kabla hamjalala: uchukueni mradi wa mwisho mliorekodi, unakilini katika diski nyingine, mwende mkaufungue kwa kompyuta ya jirani ambayo haijawahi kuuona, mbonyeze kitufe cha kucheza, mkasikilize kama mtu yumo ndani.

Wasalaam.

Ni mimi mzee wenu, fundi wa sauti mstaafu.